Walipovuma Juu ya Sauti ya Kabedi

Kamina, Jumapili baada ya adhuhuri

Dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini,

Barua hii nampa jirani yetu anayekwenda Kindu kwa gari-moshi, siku likipenda kuondoka. Ikikufikia, naomba ikukute mzima, wewe na mama na watoto wote wa nyumba. Goti la mama linaendeleaje? Nimesikia siku hizi anasali akiwa ameketi. Mwambie asione haya, Mungu anayajua magoti ya wazee. Huku hatujambo. Mume wangu Sadiki anakohoa kidogo kwa vumbi la vitenge, watoto wanasoma, na mvua zimeshaikata barabara ya Kabondo-Dianda kama kila mwaka, kwa hiyo mahindi yamekuwa adimu sokoni.

Sasa niseme kilichonifanya nikamate kalamu. Ningekupigia simu ningepandisha sauti, na wewe ni mkubwa wangu, sina ruhusa ya kukupandishia sauti. Umeniandikia kwamba umesikia naimba majina ya miungu ya Wahindi, nimejifunga kitambaa cha buluu, na nimewagombanisha wanawake wa Kamina. Ukaniuliza kama bado nasali. Yaya, nasali. Nimetoka kwenye mswala sasa hivi. Na huyo aliyekuletea habari, shemeji yangu Ramazani, hakuwamo ukumbini. Alikuwa stesheni anapakia mizigo yake, akayaokota maneno njiani. Ungeniuliza mimi kwanza. Hilo limeniuma, nimelisema, na ninaliacha hapo, maana hasira yangu kubwa haiko kwako.

Lazima nianze na Kabedi, kwa sababu humjui. Meza yake inagusana na meza yetu ya vitenge. Anauza samaki wakavu wanaotoka Kinkondja, na harufu yao imeingia katika kila nguo niliyo nayo. Ni Mkasai, Mkatoliki, mtu wa umri wangu. Nilipofika Kamina nikiwa bibi-arusi nisiyemjua yeyote, yeye ndiye aliyenionyesha kisima, mashine ya kusaga, na mwanamke wa kuaminika wa kunizalisha. Sauti yake ni ndogo sana. Wateja humwinamia kama wanaambiwa siri, kumbe anataja bei tu.

Sababu yake aliniambia mara moja, miaka mingi iliyopita, kwa maneno machache. Alizaliwa Likasi. Wakasai walipofukuzwa Katanga, yeye alikuwa mtoto. Familia yake ilipanda treni ya kurudi Kasai, nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona, na treni ikasimama hapa Kamina, bado ndani ya Katanga. Wakalala nje, karibu na reli, wakingojea kichwa cha treni ambacho hakikuja. Mama yake akafa kwa kuhara. Baba aliondoka kutafuta chakula na hakurudi. Akabaki na mdogo wake, Kazadi, mgongoni. Kazadi naye akafa. Mama mmoja wa Kiluba, wa hapa hapa Kamina, akamkuta Kabedi ameketi peke yake akamchukua kwake. Mungu amrehemu mama yule. Lakini ili kumficha alimfundisha jambo moja: usiseme. Ukifungua mdomo watasikia lafudhi ya Kikasai, watajua wewe ni nani. Ukitaka kitu, ninong'oneze sikioni. Hivyo ndivyo mtoto alivyokua. Hatari ilipopita, sauti haikurudi.

Sasa sikiliza walichomfanyia.

Chama chetu cha mama wauzaji kina kiongozi tunayemwita Mama Prezida, mwanamke mwenye maneno mengi na kofia nyingi. Alituletea mgeni kutoka Lubumbashi, Kocha Héritier, kijana nadhifu aliyesoma kompyuta huko India akarudi na mambo mengine. Tukaambiwa ni mafunzo ya kuwapa wanawake nguvu, na asiyekuja meza yake itaangaliwa upya. Tukaenda, ukumbi ukajaa. Kila mmoja alipewa kitambaa cha buluu cha kuzungushia shingo. Kitambaa chenyewe ndicho hicho, njo hicho, Ramazani alichokusimulia.

Kocha akaeleza kwamba mwilini mna magurudumu ya nguvu, Wahindi wanayaita chakra, na moja liko kooni. Likikaa vibaya, mtu hawezi kusema lililo lake, anameza maneno mpaka yanamgeukia ugonjwa. Kulisawazisha kuna neno-mbegu la Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi. Neno lenyewe ni ham. Unavuta pumzi, unatamka ham, unafunga midomo na kuiacha ile m ivume kooni mpaka pumzi ikuishie. Wengi tulikuwa tukisema hamu, akawa anatusahihisha, tukacheka. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza kama hiyo ni sala. Akasema hapana, ni pumzi na mlio tu. Mwenye dini yake abaki nayo.

Nikavuma, Yaya. Sikufichi. Niliweka vidole shingoni nikasikia mtetemo, shingo ikapata joto, mabega yakashuka. Ilinituliza kama mtu anavyotulia akimbembeleza mtoto mgongoni. Na neno lenyewe sina ugomvi nalo. Wahindi walio nalo wanajua wanavyolitunza, mimi sijui. Huyu Kocha wetu njo ninayemjua.

Akaanza kupita mstari kwa mstari akimsikiliza kila mmoja. Alipofika kwa Kabedi, Kabedi akatoa kitu kama upepo chini ya mlango. Kocha akamsimamisha mbele ya ukumbi mzima na kumwambia arudie peke yake. Akarudia. Akaambiwa tena, na tena. Wanawake wanaonunua samaki wake kila siku wakaanza kutazama sakafu. Kisha kijana yule, mwenye umri wa kuwa mtoto wake wa kwanza, akamwekea mkono begani na kusema:

"Mama, weye mwenyewe njo ulifunga koo yako. Uko na kasirani ya zamani, haupendi kuiachia. Hakuna muntu mwengine wa kuifungula."

Yaya, nilihisi damu imenipanda mpaka machoni. Yeye mwenyewe? Mtoto aliyeambiwa anyamaze ili aishi, leo anaambiwa ugonjwa ni wa kujitakia? Waliofukuza watu hawakutajwa. Treni isiyokuja haikutajwa. Mkosaji alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyesimama pale na kitambaa shingoni. Na Kocha akaongeza kwamba sasa ni wakati wa kusema alichokimeza, aseme bila woga, hapa ni mahali salama.

Kabedi akamtazama. Akasema, "Minyi sikujifunga. Balinifunga juu nisikufe."

Halafu akaendelea. Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Alisema Likasi na jina la mtaa. Alisema jinsi mama yake alivyokunja mashuka kabla ya kutoka nyumbani kana kwamba watarudi. Akasema stesheni hii yetu, na majani waliyokuwa wakichemsha, na Kazadi aliyezidi kuwa mwepesi mgongoni mwake. Sauti ilikuwa ileile ndogo, imekwaruza, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza na kila mtu aliisikia.

Mama Prezida njo aliyeinuka. Akasema, "Mama Kabedi, ile mambo ilishapita. Usituletee vita hapa. Tuko bamama ya amani."

Kabedi hakukaa. Na Kocha, badala ya kumlinda mtu aliyemwomba aseme, akainua mikono yote miwili na kutuambia sote pamoja, kwa nguvu, tuvume ham, tusafishe hewa ya ukumbi. Wakavuma. Ukumbi mzima, wanawake wenye mapafu ya kuitia wateja kutwa nzima, wakavuma juu ya maneno yake. Midomo ya Kabedi ilikuwa ikicheza, sisikii kitu. Walitaka sauti yake, Yaya, ila maneno yake hawakuyataka.

Nikasimama. Nilivua kile kitambaa nikakiweka kwenye kiti, nikaenda mpaka mbele, nikamwambia Kocha kwa Kiswahili cha huku ili asijifanye hakuelewa: "Weye njo ulimuambia aseme. Sasa anasema. Umusikilize."

Alifumba macho akaendelea kuvuma. Lakini mlio ule unakula pumzi, na pumzi ina mwisho. Mmoja akakatika, wa pili akakatika, wengine wakaacha ili wavute hewa, na pale ukumbi ulipopungua, sauti ya Kabedi ikatokea chini yake, ingali inakwenda. Hakuwa amekatiza hata kidogo. Alikuwa amefika mahali ambapo watu wawili walimtoa Kazadi mikononi mwake wakamfunga katika kitenge cha mama yake, wakaondoka naye, na yeye hakuambiwa wanampeleka wapi. Wanawake wachache wakajaribu kuanza upya kuvuma, haikushika. Alimaliza ukumbi ukiwa kimya. Kisha akafungua kitambaa cha buluu, akakikunja vizuri, akampa Kocha, tukatoka mimi na yeye.

Hiyo ndiyo ibada ya Wahindi uliyosimuliwa.

Unadhani yaliishia hapo? Kesho yake Mama Prezida alikuja mezani na wajumbe wake. Kabedi ameleta ukabila chamani, eti. Aombe msamaha mbele ya wote, la sivyo aondoke sokoni. Mimi nami nikaambiwa nimemwaibisha mgeni, na kwamba sisi tuliotoka Maniema tumezoea kuingilia yasiyotuhusu. Kabedi akauliza kwa sauti yake ileile, "Niombe musamaha ya nini?" Nikawaambia kwamba meza yake ikiondoka, yetu inafuata siku hiyo hiyo.

Sadiki alinikasirikia. Alisema ninachezea riziki ya watoto kwa ugomvi wa watu wengine, na sikumlaumu, alikuwa na haki ya kuogopa. Aliondoka bila kula. Lakini asubuhi nilimkuta sokoni ametangulia, anasukuma meza yetu mpaka ikabanana na ya Kabedi, hapapiti hata kuku. Nilipomuuliza, alisema babu zake nao walifika hapa wakiwa wageni, akaanza kupanga vitenge. 

Tukangoja kufukuzwa. Siku zikapita. Wateja wengine walikuwa wakizunguka ili wasitupitie.

Kisha akaja Mama Ngoy, mzee wa Kiluba anayeuza mawese upande wa pili wa soko. Siku ile alikuwa ukumbini, benchi la nyuma, naye alivuma kama wenzake. Alisimama mbele ya samaki bila kugusa hata mmoja. Nikajua ametumwa kututukana, nikajiweka tayari. Akamwambia Kabedi:

"Ule mutoto mwenye uliita Kazadi, niko najua kwenye balimuzika. Bwana yangu njo alichimba."

Kabedi akashika ukingo wa meza. Akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo, wao wawili wako soko moja. Mama Ngoy akajibu, "Sikujuaka kama iko na ndugu hapa Kamina." Akasema mumewe alikuwa kibarua wa reli, na wakati ule alikuwa akizika watoto wa wasafiri pembeni mwa shamba lake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anawazika. Mtoto aliyekuja amefungwa katika kitenge cha mama, chenye maua mekundu, alimkumbuka, kwani yeye mwenyewe alitaka kukiondoa kile kitenge akakitumie, mumewe akamkataza.

"Maua mwekundu," Kabedi akasema. "Njo ile."

Tukaenda sisi watatu. Ni nyuma ya stesheni, kupita mabehewa mabovu, shamba la mihogo. Pembeni kuna kipande ambacho jembe halikugusa, majani yamejiotea. Mama Ngoy hakuweza kusema lipi ni la nani, wapo wengi. Alionyesha tu kwa mkono. Kabedi alivua viatu, akaingia katika majani, akasimama. Nilidhani atalia. Akaita. "Kazadi, muanetu." Aliita kwa Kikasai, yaani ndugu yetu, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake wala kwa mwanamke mwingine sokoni kwetu, na vibarua waliokuwa kwenye reli wakageuka kutazama nani anaita mtu mihogoni. Aliita mpaka akatosheka. Mama Ngoy alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa.

Tangu siku hiyo, Yaya, habari imetembea. Wakasai wa mjini, wanaofanya kazi ofisini na wale wa dukani, wanakuja mezani kwa Kabedi. Hawanunui samaki. Wanamwuliza taratibu kama Mama Ngoy anakumbuka mtoto wa kike mwenye hereni, au mapacha, au mvulana mmoja wa Mwene-Ditu, huko Kasai. Kabedi anawapeleka mmoja mmoja. Mama Prezida bado hatusalimii, na meza bado ziko pale.

Basi mama akikuuliza, msomee barua hii yote, usimfupishie. Na Ramazani akipita tena huko, mpe chai, ni shemeji yangu, halafu mwambie anachokijua ni cha njiani.

Nisalimie mama, nambusu mikono. Nisalimie kaka Asumani na mkewe, mwambie shati aliloomba nimeshalikata. Nisalimie shangazi Zena wa nyumba ya nyuma, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kama umri wake bado unamruhusu kunikumbuka. Sadiki anakusalimu. Kabedi naye amesema niandike jina lake hapa, kubwa, ulisome kwa sauti.

KABEDI.

Mimi mdogo wako,
Salima