Siku Dada Skola Alipokata Zulia

Mjukuu wangu Fides,

Marahaba, salamu zako zimenifika hapa Malangali. Mama yako mzima, na ulezi tumeshavuna.

Umeniuliza Waingereza wakisema mtu "amekata zulia" wana maana gani. Neno hilo lilitutisha siku tulipokwenda kucheza ngoma bomani Sumbawanga, mbele ya Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya. Dada yangu Skola alicheza kwa madaha hadi akakanyaga zulia lililotandikwa mbele ya kiti cha Bwana Shauri. Bwana akapiga makofi, akasema neno. Mkalimani akatangaza, "Anasema binti huyu amekata zulia!"

Baba akapiga magoti. "Msamehe, Bwana! Hana hata kisu! Nitaleta ng'ombe."

Mwingereza naye akashtuka. Akainuka, akaanza kurusha miguu na kutikisa mabega, mtawala mzima! Kumbe kwao kukata zulia ni kucheza kwa mbwembwe mpaka watu wakukodolee macho. Alikuwa anamsifu.

Watu walicheka, baba hakucheka. Njiani akamwambia Skola, "Mwanangu, hebu cheza tena. Muda wote nilikuwa namtazama Bwana usoni, wewe sikukuona."

Akacheza palepale barabarani.

Bibi yako,
Yustina