Mbuzi Aliyerudishwa

Mjukuu wangu Wanja,

Barua yako kutoka China imetukuta wazima hapa Ishiara. Mama yako anapura ndengu. Kifua changu usikiulize.

Unasema mnachunguza kama mizizi ya huko inaweza kukata ujumbe unaoziamuru seli za saratani ya mapafu zizaane bila kukoma. Ulipotaja magome ya miti ambayo mama yangu alitibia watu, mwalimu wako akacheka. Sasa unauliza kama yaliwahi kuponya mapafu.

Nilikuwa msichana alipoletwa kwetu mzee anayekohoa damu. Jamaa zake wakafunga mbuzi wa malipo mlangoni petu, na nyama hatukuwa tumeionja tangu Krismasi. Desturi ya mama ilikuwa kuionja dawa yake mbele ya mgonjwa. Siku hiyo hakugusa hata kibuyu.

"Yangu ni ya kikohozi," akasema. "Huyu mpelekeni hospitali."

Wakamtukana mpaka wakachoka. Mbuzi nilimrudisha mimi mwenyewe.

Mwambie mwalimu wako ayapime magome yetu kwanza, ndipo acheke. Na yakishindwa, Wanja, andika yameshindwa, hata kama mbuzi amefungwa mlangoni.

Ni mimi cucu yako, ninayekohoa na bado nalima.