Mashine ya Emukule Inalia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo saa nne asubuhi mashine ya Emukule imelia. Mchana mweupe!

Nilikuwa napepeta maharagwe. Banda lake la kazi limefungwa tangu tulipomzika, kwa kamba ya manila, mafundo saba. Ejoku, ndugu yake mkubwa, mwenyewe alifunga mbele ya watu, maana ufunguo wa kufuli ulipotea na suruali yake kule hospitali. Hakuna mtu ndani. Na grinda yake ya kukata chuma inalia vile vile, kama siku anakata chuma cha dirisha la mtu. Meno yangu yaliyobaki yote yakauma.

Asio akatoka nyumbani kwake mbio, mtoto mgongoni, leso inaburuta chini. Ati, Mama, amerudi! Nikamwambia nyamaza. Amerudi nani? Emukule ni mume wako lakini ni mimi nilimzaa, na udongo nilimmwagia kwa mkono huu. Mtu wa wiki mbili kaburini anatafuta chuma cha nini?

Lakini mlango wa banda sikuusogelea. Hiyo naandika hapa tu.

Imelia mpaka stima yetu, umeme huu wa kuja na kwenda, ikapotea. Halafu kimya. Kuku wamekula maharagwe yote kwa ungo, hakuna aliyewafukuza.

Jumanne, 4 Machi

Mwezi mmoja leo tangu Emukule afe.

Siku ile hakukuwa na stima Malaba nzima. Emukule alikaa kwa kigoda chake, akaweka grinda kwa mapaja, anabadilisha diski. Stima ikarudi. Mashine ikaamka mikononi mwake. Ilimkata paja, hapa ndani, palipo na mshipa mkubwa. Asio akavuta waya kwa ukuta. Majirani wakampakia bodaboda. Hospitalini hakufika hai.

Mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa shambani. Ndivyo nilivyowaambia wote.

Na nina hasira na wewe Emukule! Wewe ndiye ulikuwa unafokea watu. Kabla ya kugusa diski chomoa plagi, iweke mezani uione kwa macho. Betri ya drili usichaji ikiwa moto, usichajie juu ya vumbi, usitumie chaja ya betri nyingine. Hata mimi mama yako ulinifokea juu ya pasi. Halafu siku moja hukuchomoa. Kwa sababu stima haikuwepo.

Sisi wote tuko hivyo. Stima ikipotea tunaihesabu imekufa. Haijakufa. Imeenda kutembea tu, na haipigi hodi ikirudi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani na msalaba kwa kipaji cha uso, jasho linauleta machoni.

Stima haikuwepo tangu juzi. Nilipofika kwa lango ikarudi. Nilijua kwa sababu gani? Kwa sababu mashine ililia.

Ejoku alikuwa uani, na Asio, na Nerima jirani yetu, huyo hakosi. Nikapita nyuma yao nikaingia kwa Asio. Sikutafuta mzimu, nilitafuta waya. Banda halina stima yake, linaegemea nyumba ya Asio, ukuta ni mmoja, na waya inapita kwa tundu nyuma ya kabati. Nikakuta ekstensheni ya matundu mengi imechomekwa kwa soketi. Juu yake chaja ya simu ya Asio. Na nyuma, kwa vumbi, ile plagi nyeusi ya bandani bado iko kwa ekstensheni hiyo hiyo. Siku ile alivuta yote kwa ukuta. Juzi, stima ikiwa haipo, akachomeka yote tena, ili simu ichaji ikirudi! Hakuangalia nyuma ya kabati. Nani huangalia?

Nikachomoa. Kimya.

Nikatoka niwacheke. Sikucheka. Wote walikuwa wamesimama kama miti. Asio alikuwa ameweka kiganja kwa mlango wa banda, machozi yanashuka, anasema Emukule tafadhali, Emukule inatosha. Na pale pale aliposema inatosha, mimi nilikuwa nyuma ya kabati nachomoa.

Nerima akajipiga msalaba. Ejoku akamwangalia Asio kwa namna sijapenda.

Habari ya plagi sikuwapa. Nikaenda kuosha majivu usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Ejoku amekuja asubuhi, hakukaa hata chini. Ati mashine inamsikia Asio. Ati ndugu yake hakuwahi kuacha kile kidude cha swichi mbele, pale kinapokaa chenyewe, alikuwa anashikilia kwa kidole saa zote, kila fundi anajua. Kwa hivyo nani alikisukuma mbele siku ile? Nani alikuwa nyumbani? Mama, hesabu wewe mwenyewe.

Nikasema mimi nimesoma mpaka darasa la tano, hesabu zangu ni za mahindi.

Ati Jumamosi ya tarehe kumi na tano wazee watakaa, watafungua banda, wataona swichi iko mbele au nyuma. Ikiwa mbele, Asio arudi kwao Tororo. Mtoto abaki.

Mtoto ananyonya bado! Nikamwambia. Akasema kuna maziwa ya ng'ombe.

Ningemchapa. Nimemzaa pia huyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nerima alikuja kuazima panga. Nimemkatalia. Akashangaa, ati mama Ejoku, na ile imekuwa wembe siku hizi! Nilikuona ukiangusha mgomba kwa pigo moja. Unanoa wapi?

Nikasema kwa jiwe la mtoni.

Akasema basi hilo jiwe nionyeshe, langu linanoa kama kijiko.

Nikamwambia aende akaombe kwa bwana yake. Panga nimeifunga kwa gunia, iko chini ya kitanda. Msimu wa kutayarisha shamba, na mimi nang'oa magugu kwa mkono kama mwendawazimu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani watu wamekaa mbali na Asio. Benchi nzima, yeye na mtoto tu. Nikaenda nikakaa naye. Hakunishukuru, hakuniangalia. Amekonda. Anatembea bila kusugua miguu chini, kama mtu asiyetaka kusikika.

Jumatano, 12 Machi

Nilitaka kuwa na hakika. Labda nilikosea. Labda Jumatano ile ilinyamaza yenyewe.

Asio alikuwa mtoni. Nikaingia, nikachomeka. Ikalia. Kwa mlango wa katikati, ule wa kuingilia bandani uliopigiliwa mbao zamani, chini, kwenye ufa, kukatokea mwanga mdogo wa kijani. Nilishtuka! Chaja ya betri ya drili. Betri iko juu yake tangu siku ile, hakuna aliyeitoa. Ile ile iliyoanguka kutoka kwa ngazi mwezi wa kwanza, Emukule akasema hii nitaitupa, imeumia ndani. Hakutupa.

Mwanga unapepesa. Kijani. Nyekundu. Kijani. Nikauwekea mguu juu nisiuone, na ukaonekana kwa ngozi ya kidole.

Halafu mashine ikazimika katikati, na mwanga pia. Stima imeenda. Nikasikia Asio anakohoa njiani na ndoo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Ijumaa, 14 Machi



Stima imerudi leo saa sita. Asio alikuwa amekaa ndani ananyonyesha. Ikalia. Ikalia na kulia! Nilikuwa kwa choo, mpaka nivae, mpaka nifike, ni kama dakika kumi. Nikamkuta Asio amepiga magoti kwa ule mlango wa katikati, ameweka sikio kwa mbao, mtoto analia kitandani na yeye hasikii. Anazungumza na mashine. Anasema nimesikia. Anasema nitaenda, nitaenda.

Nikaingia nyuma ya kabati. Plagi ilikuwa kwa soketi.

Mimi ndiye niliyeiacha. Juzi. Stima ilipopotea nilienda zangu, sikuchomoa. Kwa sababu ilikuwa imenyamaza.

Nikachomoa, nikakaa chini kwa sakafu. Asio akageuka. Hakuuliza nafanya nini. Akasema, Mama, labda ni mimi. Labda niliigusa nikifagia, nikasukuma kile kidude bila kujua. Ejoku anasema ni mimi, na mimi sasa naona kama nakumbuka.

Anakumbuka! Kitu ambacho hakikutokea.

Basi niandike, maana nikilala nayo leo itanikaa kifuani.

Tarehe nne Februari, saa tatu asubuhi, Emukule alikuwa ameenda kununua diski. Asio alikuwa anafua mtoni. Niliingia bandani na panga yangu. Alikuwa amenikataza, Mama, hiyo mashine si jiwe la mtoni. Kwani ni nani wa kunikataza? Nimemwona akinoa mara elfu. Nikaikanyaga panga kwa mguu, nikasukuma kile kidude mbele kikakaa, kidole kisichoke. Cheche zikaruka vizuri sana. Nilijisikia kijana. Upande wa kulia nikamaliza. Upande wa kushoto nilifika katikati, stima ikapotea.

Nikaweka mashine pale nilipoikuta. Nikachukua panga nikaenda shamba.

Sikurudisha kidude nyuma. Ningekirudisha kwa nini? Ilikuwa imenyamaza.

Halafu nikasimama shambani na panga kama mpya, nikikata magugu kama karatasi, nikisikia raha, na stima ikarudi. Niliona taa ya dukani ng'ambo ya barabara ikiwaka. Nikasema kwa moyo, sasa ningemaliza ule upande. Ndipo niliposikia Asio akipiga kelele.

Mwezi mzima nimemfokea Emukule kaburini kwa kutochomoa plagi.

Tena jioni, kuna harufu kwa ule ufa wa mlango. Tamu. Kama rangi ya kucha. Plagi imetoka na harufu haiishi. Nimemwambia Ejoku. Akasema isiguswe, kesho wazee wanafungua.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka, niko kwa kitanda changu, wananingoja nje.

Wazee wamekuja wanane. Mzee Emorut pia, yule wa kuchomelea mageti pale barabarani, ndiye alimfundisha Emukule kazi. Asio ameketi chini kwa mkeka, begi lake liko karibu. Alilipanga mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Mtoto amemnyonyesha tangu asubuhi bila kumtoa, upande huu, upande ule.

Ejoku alianza kuhutubia. Mzee Emorut akamkatiza, ati subiri boss, hiyo harufu ni ya nini? Akaenda kwa banda, akaweka tochi ya simu kwa tundu la msumari, akachungulia. Akarudi nyuma haraka.

Betri ya drili imevimba, amesema, imefura kama mandazi, ganda limepasuka. Kuchomoa plagi hakuitulizi tena, inaweza kuwaka yenyewe sasa hivi. Ukuta huu nyuma yake ni kitanda cha nani? Asio akasema ni chetu, mimi na mtoto. Mzee Emorut akasema toeni mtoto mbali, mtoe na godoro, leteni ndoo ya mchanga na koleo, na mkate hiyo kamba. Hotuba baadaye.

Ejoku akajaribu kufungua fundo kwa kucha. Mafundo yake mwenyewe! Mvua imeyakaza. Akaletewa kisu cha jikoni, kimeteleza tu. Mzee mmoja akasema ukoo mzima hauna kitu cha makali? Na Nerima, yule mdomo, kutoka kwa ua: Mama Ejoku ana panga kama wembe!

Wote wakanigeukia. Nikasema naileta.

Nimeifungua kwa gunia. Iko kwa mapaja yangu, palepale Emukule alipoweka mashine yake. Mtu mwingine ataona panga tu. Mzee Emorut ataona mikwaruzo ya diski, na ule ubluu wa chuma kilichopata moto. Jiwe la mtoni haliachi ubluu. Na upande wa kushoto makali yanakuja, yanakuja, halafu katikati yanakoma. Pale ndipo stima ilipopotea.

Ejoku anaita. Mama, panga! Anaita tena, kwa hasira, kama alivyokuwa akiita chakula.

Kwa dirisha namwona Asio ametoa mtoto kwa ziwa. Anamfuta mdomo. Anamnyooshea mke wa Ejoku amchukue.

Sitampa Ejoku. Nitampita. Nitampa mzee Emorut kwa mikono miwili, upande wa kushoto ukiangalia juu.