Mashua Iliyopita Kizuizini

Dada yangu Filomena,

Nakusalimu kutoka Lubumbashi, nilikokuja kutibiwa kifua. Dawa zimeshindwa, na vita havijaisha.

Mzungu jirani alitaka kuvikimbia kwa kuvuka bahari peke yake. Alichagua mashua ndogo ya tanga, akaijaza biskuti na samaki wa kopo, akaniambia: "Papa, weye mutu ya Kasenga, unajua kamba." Nikaona fahari ya wavuvi wa kwetu, nikaifunga trela yake nyuma ya lori la kuipeleka pwani. Kwenye mteremko wa kwanza fundo likafunguka, mashua ikashuka yenyewe hadi kwenye kizuizi cha askari. Mmoja akaielekezea bunduki: "Simama! Makaratasi iko wapi?" Ikampita. Mwenzake akaipigia saluti.

Nilicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Ule mtumbwi wa baba uliochukuliwa na mto Luapula, hata akakuchapa wewe, niliufunga mimi. Nimenyamaza miaka hamsini.

Sitapona, dada. Nisamehe, kisha njoo unichukue. Na jeneza langu likipakiwa kwenye lori, kamba uzifunge wewe.

Kaka yako akupendaye,
Leoni