Matone Mekundu Kwenye Nyasi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepima tena, kabla Baba hajatoka nje. Navuta kijiti cha kupimia, napangusa, narudisha, navuta. Mafuta ya giaboksi ya lori yako chini ya alama. Siku ya tatu sasa.

Ijumaa Fundi Njoroge wa Litein alimwaga yale ya zamani akaweka mapya, yale mekundu ya gia za otomatiki. Baba alimnunulia makopo mawili. Tulirudishiwa nusu kopo. Sikumwona akiweka. Nilikuwa ndani ya lori nikijifanya nasoma, maana naona haya kusimama gereji na wanaume.

Yalienda wapi basi?

Jumatano, 6 Agosti

Chini ya alama. Nimekunja jalada la daftari la Kemia likawa mrija, nikaongeza ile nusu kopo yote. Kijiti hakikupanda sana. Sijamwambia mtu.

Kupima alinifundisha Baba nikiwa darasa la nne, kwa lori letu la zamani. Asubuhi, injini imezimwa, imepoa. Ni kitu kimoja tu tunajua pamoja bila kuongea sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama aliona matone mekundu kwenye nyasi akadhani kuku ameumia. Ni mafuta. Sehemu ya chini ya giaboksi yote imelowa.

Jana lori lilishindwa kupanda vizuri kutoka kituo cha majani ya chai. Injini inanguruma, gia haishiki. Majani yalifika kiwandani yakiwa yamepata joto, mengine yakakataliwa. Baba ameambiwa ikitokea tena, hiyo njia atapewa mtu mwingine. Hatuna kazi nyingine ya lori.

Nilimwambia mafuta yalikuwa pungufu tangu siku ya kwanza. Sikusema niliongeza. Nilitaka aone nina macho.

Akasema, "Hao watu ni hivyo tu."

Fundi Njoroge si wa kabila letu, lakini amezaliwa hapa. Ni babake aliyetoka huko kwao. Nilijua hivyo na bado nilikubali kwa kichwa. Naandika kwa sababu ni aibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Litein, siku ya soko. Baba alimwita fundi mwizi mbele ya watu. Mtu wa boda akapaza sauti, "Fundi, kumbe unakunywa mpaka mafuta ya gia?" Watu wakacheka.

Fundi alijibu kwa Kipsigis, lugha yetu, safi kuliko changu. Halafu akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mzee, leta lori hapa kwa simiti, uwashe, nipime ukiona. Dakika kumi."

"Umeligusa vya kutosha."

Tukaondoka. Kituoni Baba amewaambia wenye pikapu wote wasimpelekee gari. Mzee mmoja alikuwa ampelekee Jumatatu. Ameghairi.

Kwa nini mwizi aombe kupima mbele ya watu? Hii inanisumbua.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nilitoa kile kitabu cha lori kwenye droo ya dashibodi. Kiko kwa Kiingereza. Hakuna mtu amewahi kukifungua, kurasa bado zimeshikana.

Nimesoma mara nne. Mafuta ya gia hupimwa lori likiwa mahali tambarare, gia zimepata joto, injini inanguruma. Yakizidi yanageuka povu, gia zinateleza, yanamwagika kupitia tundu la hewa.

Lori letu linalala limeinama kuelekea mto. La zamani lilikuwa na stata mbovu, kwa hivyo Baba aliegesha mteremkoni ili liwake likiteremka. Hili la otomatiki haliwezi hata kuwashwa kwa kusukumwa. Lakini bado analiegesha vile vile. Mafuta yote yanakimbilia mbele, na kijiti kiko nyuma.

Hakuna aliyeiba. Ni mimi.

Sikula. Nimesema nina malaria.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiswahili, yakatoka kwa Kipsigis, nusu nikilia. Baba aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akachukua funguo. "Twende."

Fundi hakutusalimia. Aliliweka lori kwenye simiti, akaacha injini ikinguruma, akavuta kijiti. Mafuta yamepita alama mbali sana, yana povu kama uji. Akayapunguza kidogo kidogo mpaka yakakaa sawa.

"Nani aliongeza?"

Niliinua mkono kama niko darasani.

"Na ulipima kwa ule mteremko wenu? Nani amekufundisha?"

Kisha Baba naye akainua mkono.

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. Akasema, "Mzee, mimi sina shida na wewe. Lakini ulisema mbele ya watu."



Alhamisi, 14 Agosti

Lori sasa linalala kando ya jikoni, mahali tambarare. Limeziba kamba ya nguo, Mama analalamika. Jioni Baba alirudi kutoka kiwandani, akaacha injini ikinguruma, akaniita. Nilipima. Katikati ya alama mbili. Nyasi ni kavu.

Leo mchana nilikuwa naye kituoni. Alisimama karibu na mizani akasema Fundi Njoroge hakuiba kitu, kosa lilikuwa la nyumba yake. Hakunitaja. Yule mzee wa pikapu alisikiliza. Wengine walikuwa wanaangalia majani yao yakipimwa.