Namba Arobaini Haikutoka

Jumatatu, 3 Machi
Nimefundisha informatike, somo la kompyuta. Ordinateri mbili, watoto thelathini. Kama kila siku.
Mchana Dada Faida, nesi wa hospitali, kaleta listi. Madokta wa macho wanafika Kasongo Alhamisi. Watapasua watu kumi na wawili tu, wenye mtoto wa jicho. Walioandikwa ni arobaini. Anataka niandike programu, ordinateri ichague, watu wasigombane.
Mama yangu naye iko mu listi. Haoni tangu mwaka jana. Akimimina chai anatia kidole mu kikombe. Nimemuweka wa mwisho, 40. Mwenye kushika listi hatangulizi wa kwake. Kwetu ni aibu.

Jumanne, 4 Machi
Kura imepigwa mbele ya watu wote. Ordinateri imetoa namba kumi na mbili. Ya Mama haikutoka. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Nilimushika mkono, tukarudi. Sikusikia chochote moyoni.

Jumatano, 5 Machi
Muzee mumoja aliyetoka mbali, Wamaza, kafika shuleni na hasira: namba yake, 7, haikutoka. Siku nzima juu ya pikipiki, matope mpaka magoti. Eti mashine inapenda watu wa mujini. Aka! Nikaiambia programu ichague mara elfu, ihesabu kila namba imetoka mara ngapi. Saba ilitoka kama zingine. Muzee kaenda zake.
Arobaini: sufuri.
Mu amri ya kuchagua niliandika toka 1 mpaka 40. Amri ile inasimama kabla ya namba ya mwisho. Ilitakiwa 41. Nafundisha jambo hili kila mwaka, ubaoni. Mujinga mimi.
Kengele ililia, watoto wakatoka. Mimi nilibaki nimekaa.

Jioni
Nimemuambia Faida. Kasema: "Ukirudia kura sasa, watasema unamutafutia mama yako nafasi. Na wale kumi na wawili, nani ataenda kuwaambia?"
Sikutaka niwe mimi wa kuwaambia. Naogopa, basi. Kuiacha kura hivi tusikuite haki.

Alhamisi, 6 Machi
Wanapasua. Sikuenda. Nimesahihisha mitihani. Sijui nilitoa alama gani.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mmoja kapita barabarani, jicho moja limefungwa bandeji, anacheka peke yake. Nilimusalimia vizuri. Nilimuchukia kidogo.
Mama kauliza kama madokta watarudi. Nikasema hakuna anayejua. Ni kweli.

Jumapili, 9 Machi
Madokta wameenda.
Nimemuambia Mama. Yote, polepole, na namba zake. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole.
"Kwa hiyo sikukuwa ndani hata kidogo?"
"Hata kidogo, Mama."
Vidole vyake viliendelea mu mchele. Halafu: "Tangu Jumanne namuuliza Mungu nilimukosea nini."
Katoa jiwe moja, kalitupa.
"Kumbe ni weye."
Hakusema kwa hasira. Kaniomba maji ya kuosha mchele. Nikaenda kuchota.