Mayai Yangu Machache

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha vifaranga,
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naandika nikiwa jikoni, miguu nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa amri ya mtu nitakayemtaja mbele. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia ukipiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, jioni linagoma. Na yule msimamizi wenu bado anawanyima viti? Mwambie una mtoto huku mwenye mdomo.

Sisi wazima. Bibi anakula vizuri na bado anagombana na redio. Mume wangu naye mzima. Lile jina la Fundi Barafu ulilompa limemganda, hata wateja wanamwita hivyo. Nyumba imejaa mafriji ya watu, sebuleni tumebakiwa na njia ya kupita mtu mmoja, tena asiwe mnene.

Najua unachosubiri. Tangu Mama atutoke wewe ndiye mama yangu, na kila ukipiga simu unauliza kwa kuzunguka, "Na mengine vipi?" Nami nakujibu mengine ni mema, tunaishia hapo. Leo nitakujibu sawasawa. Ila usiruke kurasa, maana nakujua.

Miaka mitatu sasa tumekuwa tukitafuta mtoto, na mimi nina thelathini na saba. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilichoka kusikia ushauri wa kila mtu kiwandani, nikaenda kwa mama daktari wa wanawake. Aliniambia nirudi siku ya pili au ya tatu baada ya hedhi kuanza, nitolewe damu.

Kumbe ubongo ndio unaotuma homoni kuziambia ovari zilee yai la mwezi huo. Alinieleza hivi: mama akimwita mtoto na mtoto akaitika mara moja, mama hapandishi sauti. Mtoto akichelewa kuitika, mama anapaza. Ovari zikianza kuchoka, ubongo nao unapaza, na homoni hiyo inaonekana nyingi kwenye damu. Wangu ulikuwa umeanza kupaza. Nilikaa pale nikiwaza kwamba kichwani mwangu kuna anayeita miaka yote hii, na mimi niko zangu napakia vifaranga.

Kipimo cha pili kilikuwa cha homoni wanayoiita AMH. Hiyo inatoka kwenye vifuko vidogo sana ndani ya ovari, kila kifuko kinatunza yai lake. Vifuko vikiwa vingi, homoni inakuwa nyingi, na vikipungua nayo inapungua. Yaani damu iliyotoka mkononi inasimulia akiba iliyobaki tumboni. Mama Mdogo, mimi nimekua nikidhani damu ni damu tu.

Halafu akanipima kwa altrasaundi, ile ya kupitia ndani. Sikuelezi zaidi, maana najua barua zangu unamsomea jirani yako. Chumba kilikuwa na giza. Unaijua kazi yangu: kutwa niko chumba cha giza namulika mayai kwa taa, lenye mishipa nalirudisha kwenye mashine ya kuangulia, lililo tupu nalitoa. Basi nilipoiona skrini ile, niliinuka kwa viwiko kana kwamba niko zamu. Palikuwa na vidoa vyeusi vya mviringo, nikaanza kuvihesabu kabla ya daktari. Kulia vitatu, kushoto viwili. Akaniambia hivyo ni vifuko tu, yai lenyewe ni dogo kama nukta ya kalamu, halionekani humo. Miaka yote namulika mayai ya kuku, sikuwahi kufikiri kwamba nami naweza kumulikwa.

Majibu yalipotoka, akiba yangu ilikuwa ndogo kwa umri wangu. Hapo nikafanya ujinga ambao anaweza kuufanya mtu wa kiwandani kwetu tu. Sisi, trei ikimulikwa na yenye uhai yakaonekana machache mno, hatuhangaiki nayo. Tunatoa yote, tunaosha mashine, tunapakia mzigo mwingine. Sikumngoja daktari amalize kueleza. Nilichukua mkoba wangu, nikarudi nyumbani, nikamwambia mume wangu atafute mke mwingine mapema, mashine hii haina faida. Nilisema kwa utulivu, kama ninavyotoa ripoti ya zamu.

Yeye alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya mwalimu mmoja, spana mkononi. Akanijibu humohumo alimo: "Mimi nilioa mke, sikununua trei." Kisha akatoka, uso umejaa vumbi, akalia. Sijawahi kumwona analia, hata alipokatwa kidole na feni ya mteja. Tulilia wote wawili katikati ya mafriji.

Kesho yake akanishika mkono, akanirudisha hospitali nikasikilize ile nusu niliyoikimbia. Mama daktari hakunicheka, ingawa ningestahili. Alisema mimi namulika yai nione kama lina uhai, lakini yeye hakupima uhai, alihesabu akiba tu. Vipimo vile vinasema yamebaki mengi au machache. Havisemi ni mazima au mabovu, wala havimkatazi mtu kushika mimba, maana mwezi mmoja hauhitaji zaidi ya yai moja. Uzima wa yai unafuata zaidi umri. Faida ya kujua akiba ni kwamba tusipoteze muda, na kama tutahitaji sindano za kukuza mayai ili kupandikiza mimba, ajue mapema mwili wangu utaitikia kiasi gani. Hakuniahidi kitu. Mume wangu naye alipimwa, akatoka mle ndani anatembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Tukapangiwa siku ya kuanza matibabu.

Lakini lililoniacha mdomo wazi lilikuja mwishoni, tukiwa tumeshasimama. Niliuliza mwili unayatengenezea wapi hayo mayai, nikidhani tunatengeneza jipya kila mwezi. Akasema hapana. Mtoto wa kike anayapata yote akiwa bado tumboni mwa mama yake. Katikati ya mimba ana mamilioni. Akizaliwa mengi yameshapotea, akivunja ungo yamebaki malaki, na kila mwezi mengine yanaondoka, awe ameolewa au hajaolewa, ana mimba au hana. Hata kuku, akasema, anaanguliwa nayo. Nilishika ukingo wa meza. Wale vifaranga ninaowapakia kwenye maboksi kila Jumanne, kumbe kila jike anaondoka na akiba yake tumboni, na mimi nawahimiza tu wenzangu tufunge maboksi.

Sasa fikiri nami. Mama alipokuwa tumboni mwa Bibi, yai lililokuja kuwa mimi lilikuwa tayari limo ndani yake. Kwa hiyo Bibi alinibeba na mimi. Na kwa kuwa Mama ni mkubwa wako, mimi nilipita tumboni mle kabla yako. Ile shikamoo niliyokupa hapo juu naomba unirudishie, tena kwa heshima. Nilipomweleza Bibi alizima redio anisikilize, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba hii. Akafikiri sana, akasema, "Ndiyo maana mimba ile mgongo uliniuma."

Sasa kaa chini, na pasi iweke mbali.

Siku ya matibabu haikutukuta. Kabla haijafika, hedhi haikuja. Katika yale machache, moja lilitosha. Nina mimba ya miezi mitano, Mama Mdogo. Usinune kwa kukuchelewesha. Niliogopa, nikanyamaza hata kwa Bibi mpaka tumbo lenyewe liliponisema. Mama daktari hakujisifu. Alisema ni bahati, na wapo wanawake wenye majibu kama yangu ambao hawajaipata, nisiende kiwandani kujifanya mtaalamu. Miguu kwenye ndoo ni amri ya Fundi Barafu.

Juzi nilimulikwa tena, safari hii kwa juu ya tumbo. Ni wa kike. Alikuwa amekunja ngumi, anapiga teke kila daktari anapombonyeza, nikamtambua kwa ubishi. Mama daktari akasema huu ndio wakati ambao mtoto wa kike ana mayai mengi kuliko atakavyokuwa nayo tena maishani. Mimi niliyehesabiwa vifuko vitano nilikuwa nimelala pale, tumbo limepakwa mafuta ya baridi, nimebeba mamilioni, mengi kuliko yote yaliyowahi kupita mikononi mwangu kiwandani.

Na sasa nikuambie kilichonikalisha chini kuandika badala ya kupiga simu. Siku tulipomzika Mama ulilia ukisema dada yako ameondoka bila kumwona mjukuu. Najua uchungu huo hujautua mpaka leo, nami sijautua. Kumwona, kweli hakumwona. Lakini miezi ile aliyokuwa na mimba yangu, yai la mtoto huyu lilikuwa ndani yangu, nami ndani yake. Alikwenda naye kazini. Alilala naye. Alipanda naye ngazi za nyumbani kwenu akihema, wewe ukimshika mkono. Mama alimbeba mjukuu wake, na wewe ulikuwepo.

Omba likizo kabla mwezi wa kumi haujaisha, na huyo msimamizi akikataa nipe namba yake. Mungu akulinde barabarani na kazini, akulegezee hilo goti, akulete salama. Msalimie jirani yako, najua anasikiliza. Bibi anakusalimu, anasema uje na betri za redio. Mkweo Barafu anakusalimu kutoka nyuma ya friji. Mwanangu anakusalimu, na wote waliomo ndani yake.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,

Kijino